Kichwa cha Mke wa Mwenye Nyumba

Kila Jumamosi binti alifika mapema kwenye saluni ya mama yake. Alifagia, akaanika taulo, kisha akasubiri wateja wa dawa ya kunyoosha nywele. Kazi yake ilikuwa kuwapaka mafuta mazito kichwani kabla ya dawa, ngozi isiungue. Alikuwa na miaka kumi na mitatu na mkono mwepesi.

Siku hiyo aliingia mke wa mwenye nyumba, yaani mwenye jengo walilopanga. Mama huyu hakuwa na la kujivunia ila mume mwenye funguo, lakini akiingia tu, watu wazima waligeuka vitoto. Msusi mmoja, aliyebandikwa jina la Bi Ndiyo kwa kuwa hakuwahi kumkatalia mteja jambo, alimpangusia kiti kilichokuwa safi. Wateja wawili walisifu viatu vyake, ingawa visigino vilikuwa vimelika. Aibu tupu!

"Nataka dawa kali," alisema. "Nina sherehe jioni. Zinyooke hasa."

Alivua kilemba. Binti aligawa nywele, akasita. Mama huyo alikuwa amefumua misuko na kujikuna mpaka akajichubua, na vidonda vilikuwa bado vibichi.

"Samahani mama, una vidonda," binti alisema. "Dawa ikigusa hapa itakuunguza vibaya. Subiri vipone kwanza."

"Nani kakuuliza?" mteja alifoka. "Mtoto wa juzi, unijulie kichwa changu? Paka mafuta!"

"Ni mikwaruzo midogo tu," alidakia Bi Ndiyo, ameshashika brashi. Hata kuangalia hakuangalia.

Binti alimtazama mama yake. Mama alijitia kutafuta chanuo. Binti alijua kwamba wakifukuzwa hapo hawangekuwa na pengine pa kufanyia kazi. Hata hivyo alilichukua kopo la dawa, akalifunga.

"Mimi sipaki, mama. Naweza kukuosha na kukubana nywele, upendeze vilevile."

"Tutaona mtakaa hapa mpaka lini!" Mteja alijifunga kilemba na kutoka kwa kishindo.

"Umetuponza," Bi Ndiyo alimwambia binti.

Wiki mbili zilipita bila mtu kuja kuwafukuza. Kisha mke wa mwenye nyumba akarudi, kilemba kimeshuka mpaka kwenye nyusi. Siku ile alikuwa amekwenda saluni nyingine, wakampa alichotaka. Sherehe hakuiona, jioni ile alikuwa zahanati akipakwa dawa ya majeraha ya kuungua.

"Yule mtoto yuko?" aliuliza bila salamu. "Aniangalie yeye kama nimepona. Wewe kaa huko!" Hilo la mwisho alimwambia Bi Ndiyo, ambaye papo hapo alianza kuusifu ujasiri wa binti kana kwamba ndiye aliyemfundisha.

Mteja alipoondoka, mama alimkalisha binti kwenye kiti cha wateja.

"Mwanangu, vile vidonda niliviona kabla yako, alipovua kilemba tu. Nikanyamaza kwa kuogopa kunyang'anywa chumba. Nisamehe. Watu wakija hapa wanatukabidhi miili yao. Ukiona hatari, sema kwa adabu, na usirudi nyuma kwa sababu mkubwa kakunja uso. Hata kama mkubwa huyo ni mimi."