Saa Iliyotangulia

"Mwanamke amemlilia mumewe akiwa hai, huo si uchawi ni nini?" Ndivyo dada yake Fundi Waya alivyonirukia, mdomo umemjaa. Haya. Ulimi hauna mfupa.

Fundi Waya alitunza mitambo ya simu, na nyumba aliyopewa ilikuwa nyuma ya ofisi. Kompyuta za mle zimeunganishwa kwa waya, na saa zao lazima ziende sawasawa, la sivyo simu zinakatika. Kwa hiyo huulizana: saa ngapi? Yenye saa sahihi kuliko zote inakuwa mama, nyingine zinamfuata.

Siku moja akajitokeza mama mgeni. Fundi akaufuata waya wake: ncha ilikuwa inaning'inia hewani. Tena jibu lake lilifika kabla ya swali. Mwenye akili angemkataa. Yeye, ugonjwa wa mafundi, akafurahi. "Saa safi hivi sijapata kuona." Akavuta waya mpaka sebuleni, kompyuta ya nyumbani nayo imfuate.

Asubuhi mkewe akaitika, "Abee."

"Sijakuita, mama watoto."

"Ulivyoniita kwa kelele hivyo?"

Hapo chai ikammwagikia, akamwita kwa kelele.

Wakacheka. Ila nyumba ilianza kunuka udongo uliochimbuliwa sasa hivi. Akauchomoa waya, taa ya tundu lake kwenye kompyuta ikaendelea kupepesa. Akaukata kwa koleo, ikapepesa.

Adhuhuri akiwa kazini akasikia kilio kutoka kwake, akakimbia, akamkuta mkewe chini sakafuni, kanga kichwani, anamtazama kama mtu anayetazama ukuta, na kila alipomtikisa na kumwambia mimi huyu hapa, nishike, mimi huyu hapa, mama wa watu alijibu taratibu tu, "Asubuhi alikuwa mzima."

Mganga aliitwa. Aliishia mlangoni, akanusa, akarudi nyuma. "Nitamfukuzaje aliyekwisha pita?"

Kisha mke akanyamaza. Akajifuta uso, akaanza kukunja mashati ya mumewe. Fundi akamshika mkono.

"Asante kwa kuja," mkewe akamwambia, akautoa mkono kwa adabu.

Fundi alianguka palepale, akakata roho kabla shati la mwisho halijakunjwa. Watu walipojaa kulia, mke hakuwa na chozi, na mawifi wakamhesabia hilo pia. Basi wewe unayepita kwao, nifikishie: hakukosa chozi. Alikuwa amemaliza.