Nilimwambia Nyumba ni Yake

"Shuka kwenye ngazi, Bibi."

"Nikishuka, dirisha ataliosha nani? Wewe? La jana umeliacha na michirizi kama uso wa mtoto aliyelia."

"Ukianguka, baba atasema si alituonya."

"Na aseme. Mdomo wake, mgongo wangu."

Bibi yangu Turan ndivyo alivyo. Baba alikuwa amepiga simu: akija mwaka mpya akakuta nyumba haijakung'utwa vumbi yote, anaifunga na kumhamishia Bibi kwenye fleti yake Isfahan. Mimi nilitolewa shule nije kumsaidia, ingawa mara nyingi yeye ndiye aliyenisaidia. Mapazia tulishafua, mazulia tulishapiga. Kilibaki chumba kimoja tu, cha marehemu mama mkwe wake, Bi Esmat. Humo ndimo tulimokuwa tukigombana.

Jua lilikuwa linazama, Jumanne ya mwisho ya mwaka wetu wa Kiajemi. Uchochoroni watoto walikuwa wanaruka moto. Wengine walijifunika mashuka gubigubi, wakipita mlango kwa mlango na kugonga vijiko kwenye mabakuli. Mgonga kijiko hasemi neno, nawe humuulizi jina. Unamtilia lozi na zabibu kavu, anakwenda zake.

Ting... ting... ting.

Nikaenda kufungua.

Alikuwa mmoja, mrefu, shuka jeusi mpaka chini. Miguu sikuiona. Alinuka kafuri ya kuoshea maiti.

Nikamimina lozi. Hazikulia kwenye bakuli.

Hofu ikanishika, na ulimi ukajisemea adabu tuliyokuzwa nayo, maneno ambayo kwetu kila mgeni huambiwa na hakuna mgeni anayeyachukulia kweli.

"Karibu ndani. Nyumba ni yako."

Akaingia.

Hakuuliza njia. Alikatisha uani, akaenda moja kwa moja mpaka chumba kile. Nilimfuata. Kidole kikatoka ndani ya shuka... kirefu, cha kijivu. Akakipitisha juu ya rafu. Akakitazama.

Bibi, juu ya ngazi, akaacha kusugua.

"Nani kamkaribisha?" akanong'ona.

"Mimi... nimemwambia nyumba ni yake."

Bibi akashuka taratibu, magoti yakilia. Nilidhani atasoma dua. Akachukua tambara kwenye ndoo, akamnyooshea.

"Mama mkwe, tangu niolewe kazi yako ilikuwa hicho kidole. Mtoto kasema nyumba ni yako. Haya, shika tambara. Dirisha kwa nje bado."

Kidole kikarudi ndani ya shuka.

Maji ya ndoo yakaanza kutetemeka, na hakuna aliyeigusa.

"Hutaki? Basi si yako. Mwanangu aliye hai hajanitoa humu, wewe uliyezikwa ndiwe utakayeweza?"

Shuka likageuka.

Kila alipopita aliacha vumbi jembamba sakafuni, na Bibi aliinama nyuma yake, akilideki lote, chumbani, kibarazani, mpaka kizingitini. Nje uchochoro ulikuwa mtupu. Sikusikia mtoto, sikuona moto.

Pale mlangoni yule asiyepaswa kusema akasema, sauti kavu kama ufagio.

"Nitangoja uchoke."

Bibi akalikamua tambara.

"Ngojea hukohuko nje. Humu nimeshadeki."