Bodi ya Sirili

Maji yalikuwa yametoka mferejini asubuhi ile ile, ya baridi ya kuuma ufizi, na hita ilikuwa bado haijaunganishwa. Hata hivyo Wenseslaus alipowasha umeme kuijaribu bodi, kile kibao cha umeme kinachoongoza pampu na hita, kile kioo kidogo cha namba kando ya jakuzi kilisita, kisha kikaandika thelathini na saba.

Joto la mtu mzima asiyeumwa.

"Sensa ya joto imechoka," akasema, ingawa hakuna aliyemuuliza.

Akatia kidole. Baridi vile vile. Akazima, akawasha; thelathini na saba. Fundi mwingine angebadilisha sensa akaenda zake kunywa chai. Wenseslaus alibaki kasimama na bisibisi mkononi, kwa sababu alijua bodi ile ilikotoka, na katika lodge nzima alikuwa akijua peke yake.

Lodge ilikuwa Masama, juu kidogo ya pale kahawa inapouachia msitu nafasi. Wageni walioshuka mlimani bila hisia miguuni waliletwa pale na kuloweshwa kama maharage. Bodi ya kwanza ya jakuzi iliungua siku mjusi alipoingia kwenye kisanduku chake kutafuta joto. Alilipata, na wawili hao walitolewa pamoja. Mwenye lodge, Mama Evelyn, Mlutheri wa benchi la mbele, aliona jambo ni dogo.

"Si unashuka tu Moshi mjini, unanunua nyingine?"

"Bodi haichaguliwi kwa sura, Mama. Unatazama namba yake, umeme inaoutaka, pampu ngapi, hita ya ukubwa gani. Mbili zinaweza kufanana kama mapacha, moja ikawasha pampu, ya pili ikaikaanga."

Mjini, duka moja upande wa Mawenzi, muuzaji alimtolea bodi ya umeme wa Marekani, halafu ya jakuzi lenye pampu moja, na kumshauri ile pampu ya pili aiache ipumzike. Bodi iliyo sahihi iliagizwa nje, ikafika nchini salama, ikaingia katika ofisi ambayo jina lake lilikuwa refu kuliko korido yake. Pale iligundulika kuwa katika orodha ya vifaa, kati ya jaketi na jamvi, hapakuwa na kitu. Baada ya kikao jakuzi likapewa daraja la mitambo ya kuchemsha maji, na mitambo hiyo huhitaji cheti cha mkaguzi, na mkaguzi alikuwa amestaafu, na nafasi yake ilikuwa mbioni kutangazwa.

"Wageni wangu je?" Mama Evelyn akauliza. "Niwaambie wakaoge mferejini?"

Ndipo Wenseslaus aliposema, bila kumtazama usoni, "Ninayo moja stoo. Iliwahi kutumika. Lakini ni yenyewe kabisa."

Ilikuwa yenyewe kwa sababu majakuzi mawili yalinunuliwa pamoja, hili na la lodge ya juu, ambayo sasa imefungwa. Yalihudumiwa na mafundi wale wale wawili, Wenseslaus na rafiki yake Sirili. Kule juu, swichi ya kinga, ile inayokata umeme ukivuja, ilikuwa na tabia ya kukata wageni wakiwa majini, na wageni wakilalamika. Wenseslaus akapitisha waya kuikwepa swichi. Kwa muda tu, mpaka spea ipatikane. Siku moja tundu la maji likaziba, Sirili akainama, mkono wote ndani mpaka begani.

"Umekata?" Sirili aliuliza.

"Nimekata," Wenseslaus alijibu.

Alikuwa amekusudia kukata. Alikuwa na simu sikioni.

Watu walipokuwa wakimteremsha Sirili kwenye machela, Wenseslaus alifungua skrubu, akaitoa bodi pamoja na waya wake na kuifutika kwenye gunia la kahawa. Wakaguzi walikuja na kofia ngumu, wakakipiga picha kisanduku kitupu kutoka pande zote, wakaandika kwamba katika mfumo hapakuonekana hitilafu yoyote. Ilikuwa kweli tupu, kwa kuwa mfumo wenyewe haukuonekana. Kifo kikaandikwa kuwa cha moyo. Hilo nalo lilikuwa kweli. Moyo wa Sirili ulikuwa umesimama.

Na msibani Wenseslaus alifanya jambo ambalo Mchagga pekee angeweza kulifanya. Alichuma jani la isale, akalipiga fundo, akampelekea Victoria, mjane wa Sirili. Isale haikataliwi. Aliyekosewa, hata awe na uchungu gani, akiletewa jani lile na mkosaji hulipokea na kusamehe. "Shemeji," alimwambia, "kama kuna mahali nilimkosea marehemu." Victoria alilipokea akilia, akidhani ni mambo ya kazini, ya kununiana kwa ajili ya spana. Hivyo Wenseslaus akasamehewa kosa ambalo hakulitaja, na akajiambia kwamba msamaha hauulizi jina.

Sasa bodi ilikuwa imefungwa tena, ule waya aliung'oa, swichi ya kinga ilikuwa mpya. Kila kitu kilikuwa salama isipokuwa ile namba.

Aliyeanza kusema ni Kindness, msichana wa usafi. Alimfuata jikoni akiwa na ufagio mkononi, akamnong'oneza.

"Kaka Wense, kuna mtu anajipaka dawa ya kifua kule kwenye jakuzi?"

"Dawa gani?"

"Ya mentholi. Nikiinama kusugua, inanipiga puani. Nikisimama, haipo."

Sirili alijipaka mentholi kiangazi na masika. Koti lake liliijaza stoo nzima harufu hiyo. Wenseslaus akasema labda ni sabuni mpya. Kindness akamjibu kwamba sabuni anaichagua yeye, wala hajanunua ya kutibu mafua.

Mchana uliofuata ukungu ulishuka kutoka msituni ukaifunika bustani, na pampu zikaanza. Hazikunguruma kama pampu. Zilivuta, zikatulia, zikaachia. Zikavuta, zikatulia, zikaachia, na mapovu yakapanda na kushuka kwa mwendo ule ule, kama shuka juu ya kifua cha mtu aliyelala. Mama Evelyn aliyasikiliza akiwa ubarazani, kikombe kimesimama nusu ya safari.

"Wanasema kuna majini," akanong'ona.

"Majini ni ya Tanga, Mama. Yapande huku kwenye baridi kufuata nini?"

"Kuna maji ya moto," alisema Mama Evelyn, na hakuna aliyecheka.

Akamwita Mwinjilisti Efraimu kutoka Kwa Sadala, mtu mpole aliyekwisha kufukuza mapepo katika saluni na kiwanda kimoja cha matofali. Aliomba kwa sauti, akamimina mafuta ndani ya maji, chujio likaziba. Kisha akainama, akayasikiliza maji. Aliponyanyuka, hakumtazama Mama Evelyn. Alimtazama fundi.

"Bwana asifiwe, ndugu yangu."

"Amina."

"Mapepo nayajua," akasema kwa sauti ya chini. "Yanapiga kelele, yanataja majina, yanataka kuku. Huyu hataki kitu kwangu. Huyu ameuliza swali, anasubiri."

Wenseslaus hakungoja gari la mwinjilisti lipotee. Alizima umeme kwenye swichi kuu, akahakikisha kwa kipimo, akahakikisha tena, akafungua kisanduku, akang'oa bodi na kuilaza kwenye nyasi umande ukiigusa, kisha, akiwa bado amepiga magoti na skrubu mdomoni, akasikia nyuma yake pampu zisizo na umeme wala bodi zikivuta, zikatulia, zikaachia, na harufu ya mentholi ikaja mpaka machozi yakamtoka, na kile kioo ambacho waya zake zilikuwa mkononi mwake kikawaka, na kutoka kwenye lile tundu la chini, katikati ya mapovu, sauti aliyoizoea tangu ujana ikauliza taratibu, bila hasira, jinsi fundi anavyomuuliza fundi mwenzake anayemwamini: "Umekata?"

Aliteremka kwa miguu mpaka kihamba cha Sirili, shamba la ukoo lenye nyumba na migomba. Njiani mkono wake wenyewe ulichuma isale kwenye uzio wa mtu.

Victoria alikuwa akimenya ndizi chini ya banda. Kaburi lilikuwa pale pale, kati ya migomba, limepigwa sakafu vizuri.

"Karibu, shemeji. Mbona umelowa hivyo?" Kisha akaliona jani. "La nini tena hilo? La kwanza nililipokea."

"La kwanza halikuwa na kitu ndani, shemeji."

Akamweleza. Waya, simu, neno alilolisema, gunia, na sauti iliyokuwa ikiuliza tena ndani ya jakuzi. Alieleza vibaya, akirudi nyuma na kuanza upya. Victoria aliendelea kumenya mpaka ndizi zikaisha, kisha akaendelea kushika kisu.

"Siku ile alikuuliza?"

"Aliniuliza."

"Ukamjibu."

"Nilimjibu, shemeji."

"Waliandika moyo, lakini nilijua ni umeme, na miaka yote hii nimekuwa nikimlaumu yeye," Victoria alisema. "Nikija kupalilia pale namgombeza. Namwambia, wewe Sirili, fundi mzima, unatia mkono kwenye umeme kama mtoto." Akanyoosha mkono, akalichukua jani, kwa sababu halikataliwi, akalipachika kwenye nguzo bila kulitazama. "Hilo langu. Nimelipokea, mila imenishika shingo. Lakini si mimi niliyekuuliza swali. Nipeleke huko."

Walipanda pamoja kwa pikipiki ya jirani, Victoria amekaa upande na kanga ameivuta mpaka machoni. Kwenye lodge, Mama Evelyn na Kindness walisimama mbali, ubarazani. Ukungu ulikuwa umenenepa. Maji yalipumua.

Victoria alikaa kwenye ukingo wa jakuzi, akaongea na maji kwa Kichagga, polepole, mambo ya nyumbani: ng'ombe amezaa, paa la jiko limebadilishwa. Kisha akageuka.

"Haya. Mwambie."

"Sirili," Wenseslaus akasema. "Sikukata. Nilikuambia nimekata, na sikukata. Na bodi niliichukua mimi, nikaacha waseme ni moyo wako."

Mapovu yakatulia. Maji yakawa kama kioo, meusi, hayaonyeshi chini.

"Tia mkono," Victoria akasema.

"Shemeji."

"Yeye alitia kwa neno lako. Wewe tia kwa lake."

Bodi ilikuwa kwenye nyasi, swichi kuu ilikuwa chini, alijua kwamba hapakuwa na umeme mahali pale, na alijua kwamba hilo halikuwa na maana yoyote. Akakunja shati. Akainama, mkono wote ndani mpaka begani, shavu likigusa maji yaliyokwisha kupoa kama ya mferejini, na kwa muda hapakuwa na kitu ila baridi, na mentholi, na pumzi yake mwenyewe ikimrudia usoni. Akaanza kuamini kwamba yamekwisha, kwamba amesamehewa na kwamba kusamehewa ni hivi tu, maji baridi na mgongo unaouma. Ndipo chini kule, taratibu, vidole vyenye joto la mtu mzima vikajipanga katikati ya vidole vyake, vikaushika mkono wake jinsi watu wa huku wanavyoshikana wakisalimiana, bila kuminya, bila kuvuta, na bila haraka.

Hakupiga kelele. Machozi yalimtoka, yakaingia majini.

"Amekushika?" Victoria akauliza.

Akatikisa kichwa kukubali.

Mama Evelyn akawasha taa ya ubarazani. Kindness alikuwa ameanza kuomba kimya kimya. Victoria akajifunga kanga vizuri, akasubiri kiasi cha salamu ndefu, salamu ya kuulizia mpaka mifugo.

"Amekuachia?"

"Bado," Wenseslaus akasema.