Kizingiti cha Babu Nguyễn

Ncha ya mkeka uliokunjwa, begani mwa msichana aliyegeuka ghafla, ilimpiga Tường sikioni, na beseni la maboga alilobeba likamwagika katikati ya jiko la hekalu.

"Dada, vita viliisha zamani," alisema akisugua sikio. "Huo ni mkeka au mzinga?"

"Na wewe kaka, macho umeyasahau kwenye sufuria gani?"

Ilikuwa sikukuu ya Babu Nguyễn, shujaa wa enzi za ukoloni aliyechoma manowari ya Wafaransa, akateka ngome yao hapa Rạch Giá, kusini mwa Vietnam, na akakatwa kichwa papa hapa mjini. Kila mwaka watu humiminika kwa mashua na pikipiki, na hakuna anayeondoka na njaa. Nyuma ya hekalu kuni zilikuwa zikilia chini ya masufuria ambayo ndama angeweza kuoga ndani yake, na harufu ya maboga yaliyopikwa kwa tui la nazi ilifika hadi mtoni.

Msichana yule, Quyên, alikuwa amevaa blauzi ya zambarau na suruali nyeusi ya hariri, kitambaa cha mirabaraba kimemzunguka shingo. Alikuwa ameleta mkeka wa madhabahu, kazi ya mikono yake na ya baba yake, wasusi wa kijiji cha Tà Niên. Tường alikuwa na aproni iliyolowa na nywele zilizojaa majivu. Walichutama kuokota maboga pamoja, na walipomaliza, Tường alikuwa ameshapata namba yake ya simu.

Tangu siku hiyo, kila jioni akifunga karakana yake ya mashine za mashua, alipiga.

"Umekula, kipenzi?"

"Nimekula. Unanuka dizeli mpaka huku."

"Na wewe unanuka ndago mbichi za mikeka. Nitakuzoea."

"Nani kasema nataka kuzoewa?" Lakini simu haikukatwa.

Alikwenda Tà Niên, akaketi ukumbini kwa mzee Tư Hưởng, baba yake Quyên, akanywa chai. Mzee aliuliza habari za ukoo. Tường akajibu kwamba wao hupika hekaluni tangu enzi za babu wa babu yake. Mzee alifurahi. Quyên, nyuma ya kitanda cha kufumia, alifurahi zaidi.

Halafu siku moja sokoni, mama mmoja muuza samaki akamwambia Quyên jambo ambalo Tường hakulisema. Babu wa babu yake Tường ndiye aliyekuwa mkalimani wa Wafaransa. Babu Nguyễn aliposomewa hukumu ya kifo, aliisikia kwa Kivietinamu kutoka kinywani mwa mtu huyo.

Quyên alipiga simu akiwa bado barabarani.

"Ni kweli?"

Tường aliweka spana chini. "Ni kweli."

"Ulikunywa chai ya baba yangu, ukanyamaza."

"Ningesemaje, Quyên?"

"Kwa mdomo. Kama unavyonitania kila siku."

Akakata. Tường alielewa kwamba damu yake imemchukiza, akaona aibu kupiga tena. Quyên alingoja simu, haikuja, akaelewa kwamba Tường hakumpenda kiasi cha kumweleza. Miezi ikapita hivyo, kila mmoja akiitazama simu yake.

Sikukuu iliporudi, Quyên alikuja na baba yake. Ngoma kubwa ilikuwa inalia na umati ukisogea kuelekea ukumbi mkuu. Alimwona Tường amesimama uani kando ya ngazi, ameinamisha kichwa, watu wakimpita kama maji yanavyopita nguzo.

"Mbona huingii?" alimuuliza.

Tường alishtuka. "Hatuingii."

"Nani?"

"Sisi. Ukoo wetu. Tunapika tu. Bibi ana miaka themanini, amepika hapa tangu utotoni, hajawahi kuvuka kile kizingiti. Wala mama yake. Wala bibi yake."

Quyên alitazama jikoni. Bibi Sáu, mdogo kama mtoto, alikuwa anasukuma kuni motoni. Quyên aliwaza vizazi vile vyote, moshi ule wote, watu waliolishwa bila kujua nani anawalisha na kwa nini.

"Nilidhani umenichukia kwa ajili ya yule mkalimani," Tường alisema.

"Nilikasirika kwa kuwa ulinificha. Yule simjui."

Mzee Tư Hưởng alikuwa amesikia yote. "Kijana," aliuliza taratibu, "nani aliwakataza kuingia?"

Tường alikitazama kizingiti. "Hakuna, mzee. Hakuna aliyetukataza."

Quyên akamshika mkono, mbele ya baba yake na umma wote, akamvusha kizingiti.

Ndani, moshi wa ubani ulikuwa mzito hadi taa zilionekana kama nyota za alfajiri. Sanamu ya Babu Nguyễn ilisimama juu yao, mkono kwenye upanga, na maelfu ya watu walikuwa wamenyamaza kwa pamoja, ukimya unaosikika kifuani. Mhudumu alimpa Tường vijiti vitatu vya ubani kama alivyompa kila mtu, hakumtazama mara mbili. Tường alipiga magoti. Alisujudu, akabaki ameinama muda mrefu, mabega yakitikisika. Quyên alipiga magoti kando yake.

Walipotoka juani, Tường alijifuta uso kwa aproni.

"Quyên, nataka—"

"Najua unachotaka. Kwanza kamlete Bibi."

Alikwenda. Quyên alimwona akichutama mbele ya yule kikongwe, akisema naye, na Bibi Sáu akitikisa kichwa, akitikisa tena, kisha akitulia. Bibi aliliweka chini gogo la kuni. Akaomba maji, akanawa mikono hadi viwiko, akanyoosha nywele zake nyeupe.

Mzee Tư Hưởng alishuka ngazi kumlaki, akampa mkono.

"Mama," alisema, "ukitoka humo, tupange siku. Mje kwetu na tambuu na popoo za posa. Binti yangu hana subira."

"Baba," Quyên alilalamika.

Bibi Sáu alimtazama msichana, akatabasamu kwa ufizi mtupu, kisha akainua mguu kupanda ngazi.