Kiwanja Kando ya Ziwa

Kila alfajiri, basi la wafanyakazi wa mgodi lilipowashusha watu wa zamu ya usiku pale Bugarama, Mbuke alikuwa ameshamtekea baba yake maji ya kuoga. Mzee Onesmo aliendesha malori makubwa ya kubeba mawe ya dhahabu, na akirudi kazini alikuwa mtu wa kuoga, kunywa uji na kulala. Lakini shule zilipofungwa mwezi wa Juni, kuna asubuhi moja hakulala. Alikaa akitabasamu peke yake, kisha akawaambia mkewe na binti yake kwamba mwaka ujao angestaafu, na akistaafu wangehamia Nkome, kando ya Ziwa Viktoria, wakafanye biashara ya dagaa. Kiwanja alikuwa ameshakiona.

Mbuke aliruka hadi akamwaga uji. Alikuwa darasa la sita, na ziwa alilijua kwa picha za kitabuni tu.

Mama yake, Agnetha, alifurahi pia, ila hakuwa mtu wa kuchukuliwa na furaha. Alisema wakati wa kujaribu ni sasa, mshahara ukiwa bado unaingia. Wakakubaliana baba aanze kufuatilia mafao yake mapema, maana kazini aliandikwa Onesmo na kwenye kitambulisho Onesimo. Mama angeulizia shule ya kumhamishia Mbuke. Na likizo ya baba ikifika, wote watatu wangekwenda Nkome, wapange chumba na kuishi kama watu waliokwisha kuhamia.

Nkome ilimpokea Mbuke kwa harufu ya dagaa na kelele za mwaloni, pale mitumbwi inapoegeshwa. Kila asubuhi alimsaidia mama kuanika dagaa kwenye chanja na kuwageuza. Mara ya kwanza mvua iliwakuta hawana hata turubai, dagaa wakaharibika. Mama alisikitika kidogo, halafu akacheka. Alisema ni heri waharibu ndoo moja sasa kuliko biashara nzima mwakani.

Kiwanja kilikuwa karibu mno na maji; ukinyamaza, unasikia mawimbi. Baba alizunguka kati ya vigingi akionyesha kwa mkono: hapa sebule, hapa jiko, na hapa chumba cha Mbuke, dirisha likitazama ziwa. Mbuke alishaanza kuota pazia la rangi gani atalitundika. Mwenye kiwanja, bwana mmoja aliyeitwa Ndaki, alitaka malipo ya kwanza Jumatatu.

Jumapili mchana Mbuke alikwenda kusuuza ndoo pamoja na Wema, binti wa jirani yao. Wakiwa kwenye maji ya kina kifupi, hatua chache kutoka vile vigingi, Mbuke alijikwaa. Akapapasa kwa mkono, akagusa saruji. Ilikuwa ngazi, na chini yake ngazi nyingine.

"Hizo ni ngazi za baraza la bibi yangu," Wema alisema. "Mvua zilizidi mwaka ule, ziwa likajaa, likaichukua nyumba. Sasa bibi anakaa kule juu."

Mbuke aliangalia ngazi, akaangalia vigingi. Moyo ulimshuka. Jioni ile baba alisimulia nyumba yake kwa furaha tele, na Mbuke alikula ugali kimya. Alijiambia kuwa huenda ziwa halitajaa tena. Alilitaka sana lile dirisha.

Asubuhi baba alivaa shati lake lililopigwa pasi, akatoka. Mbuke alimtazama akienda, akashindwa kuvumilia. Alimkimbilia, akamshika mkono.

"Baba, usilipe kwanza. Kuna nyumba ndani ya maji. Nilijua tangu jana, nikanyamaza kwa sababu ninakipenda kile kiwanja."

Baba alimfuata hadi ufukweni, akavua viatu, akakunja suruali na kuingia majini. Mguu wake ulipoigusa ngazi ya kwanza, aligeuka akavitazama vile vigingi, hatua chache tu nyuma yake.

Kutoka hapo walikwenda kwa mtendaji wa kijiji, Bi Paskazia. Yeye alichukua futi ya kupimia, akaja nao hadi kwenye vigingi. Alipomaliza, aliwaeleza kuwa sheria hairuhusu kujenga ndani ya mita sitini kutoka ziwani, na kwamba kiwanja chote kilikuwa humo. Ndaki, aliyekuwa akisubiri malipo yake pale, alijitetea kuwa watu wanajenga tu kila siku. Baba alimjibu kwa upole kwamba yeye hatajenga, akamwacha pale.

Bi Paskazia aliwapeleka mlimani, kwenye viwanja vilivyopimwa. Mbuke alipanda akiwa amejikunyata, akidhani furaha ya baba imekwisha. Walipofika juu na kugeuka, ziwa lote lilikuwa mbele yao, linang'aa, na mitumbwi imetapakaa kama mbegu, na visiwa ambavyo kule chini havikuonekana kabisa. Baba alipiga kofi la furaha. Mama, ambaye walimpitia njiani na sasa alikuwa akihema, alianza kuuliza maswali: hati iko wapi, jirani ni nani, maji yanafika? Kila swali lilijibiwa kwa karatasi. Wakaamua kununua na kujenga polepole kwa mshahara, ili fedha za mafao zibaki za kuishi na za biashara.

Baba alichuchumaa mbele ya Mbuke.

"Wabeja sana, mwanangu," alimshukuru kwa Kisukuma. "Jana ulinyamaza, nami nilikuwa nakaribia kuitumbukiza kazi ya miaka yangu yote ziwani. Habari mbaya ikiwahi, mtu anapanga upya. Ikichelewa, anabaki kulia. Anayetaka kuhamia maisha mapya aende kuyaona kwanza, aulize, na asikilize hata lile asilolipenda. Wewe usiogope kuniambia ukweli, hata nikiwa nacheka."

Mbuke aliitikia kwa kichwa, machozi yakimlengalenga. Kisha akanyanyua jiwe, akapigilia nalo kigingi cha kwanza cha nyumba yao kwa nguvu zake zote.