Milango Tuliyoondoka Nayo

Nyinyi mliobaki Kisauni, na nyinyi mliokimbia, nisikilizeni.

Asubuhi hiyo mtaa wetu ulikuwa shwari. Bi Mwanamkasi, mjane, alikuwa barazani akiuza mahamri na mbaazi, nasi majirani tukila na kutaniana. Mara bintiye Nusaiba, aliyetumwa dukani, akarudi mbio, damu ikimtiririka. Vijana walikuwa wamemkata panga mkono wa kulia. Kwa ajili ya simu yake tu!

Vijana wenyewe tuliwajua. Walishinda kwa jirani yetu Idarus, wakitafuna muguka, majani ya kulevya, aliowanunulia yeye. Wakikamatwa na polisi, ni yeye aliyekwenda kuwatoa. Na kila familia iliyotishika ikahama, Idarus aliinunua nyumba yake kwa bei ya kutupa, akaipangisha.

Kwa Mwanamkasi alikuja kabla kidonda hakijakauka.

"Pole, mamangu. Hapa si pa kulea mtoto tena. Niachie nyumba, nikupe bei ya mbuzi."

"Nyumba ya marehemu mume wangu, kwa mbuzi?"

"Nani mwengine atainunua, mtaa huu wa mapanga?"

Hebu niambieni, mjane huyu angehamia wapi? Chumba cha Bamburi chataka kodi na amana, na mbuzi hatoshi. Watu husema, "Si wahame tu!" kana kwamba kuhama ni kuvuka barabara.

Lakini Idarus alijisahau. Mtaani kwetu nyumba ni yako, lakini ardhi ni ya mwenye shamba, wamlipa kodi tu. Ukitaka kuondoka, waivunja ukaenda nayo. Mwanaima, dadake Mwanamkasi, alikuwa na kiwanja Likoni. Mafundi wakaitwa, wakashusha mabati, wakang'oa milango na madirisha, vyote vikaenda kujengea Likoni.

"Wallahi, hata bawaba simwachii," alisema Mwanamkasi.

Zikabaki kuta za udongo, zikinyeshewa. Nasi wengine tuliokuwa na jamaa wa kutupokea tukamfuata, mmoja mmoja, na milango yetu. Wapangaji wa Idarus nao wakaogopa, wakahama.

Vijana wakakosa mwenye kitu wa kumnyang'anya. Adhuhuri moja wakamgeukia aliyewalisha. Idarus alikimbia mtaa mzima akipiga mayowe, "Jirani! Nifungulieni!" Milango gani? Mingi tulikuwa tumeondoka nayo, na waliobaki hawakuifungua yao. Wakamkata mkono, tena wa kulia. Mniwie radhi, sikumhurumia, na hata leo simhurumii.

Majuzi alimtuma mtu Likoni, kumsihi Mwanamkasi ainunue nyumba yake ya Kisauni.

"Mwambie nampa bei ya mbuzi," alijibu Mwanamkasi, akigeuza mahamri yake. "Akikataa, muulize: nani mwengine atainunua?"

MAFUNZO

Mchimba kisima huingia mwenyewe. Anayefuga wezi ili awahamishe jirani zake, siku yake ikifika hana wa kumwitikia.

Nanyi mnaopenda kumwambia aliyekatwa, "Hama!", kwanza mwonyesheni pa kwenda. Mwanamkasi alikuwa na dada mwenye kiwanja. Asiye na dada yuko kule kule hadi leo, na mlango wake ameuegemezea kitanda.