Mgeni wa Ghorofa ya Tatu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikunywa chai kwenye bwalo la chuo kikuu, kwenye meza iliyokuwa karibu na dirisha la jikoni. Jina hilo alipewa na baba yake alipokuwa mdogo, kwa sababu alikuwa hanyamazi. Sasa baba alifanya kazi mbali, alirudi nyumbani kwa nadra, na maneno ya Chiriku yalikuwa yamepungua. Alikunywa chai yake kimya, akawatazama wanafunzi wakipanga foleni na sahani mikononi, wakicheka, wakisukumana, wakilalamika kwamba maharage hayajaiva.

Mama yake alikuwa mlezi wa bweni la wasichana, na wanafunzi wote walimwita Mama Bweni. Yeye ndiye aliyegawa vyumba na kutunza funguo. Bomba likipasuka, aliitwa yeye. Wasichana wakigombana nani kachukua beseni la nani, aliitwa yeye. Mama na mtoto walikaa kwenye vyumba viwili vya chini, kando ya mlango mkubwa, kwa hiyo kila aliyeingia au kutoka alimpita Chiriku pale barazani.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba, mtoto mzuri. Mbona umekua hivyo?"

Kisha huyo anapita zake na vitabu vyake. Kama Chiriku angekuwa anakua kila alipoambiwa hivyo, kichwa kingekuwa kimegusa dari. Watu wote wa bweni walimjua, lakini hapakuwa na hata mmoja wa kukaa naye. Wenzake wa darasani waliishi mtaa wa mbali, na mlinzi wa getini hakuruhusu watoto wa nje kuingia kucheza.

Likizo ndefu ilipofika, mambo yalizidi. Masanduku yaliburutwa kwenye ngazi kutwa nzima, wasichana wakakumbatiana, wakaaga, wakaondoka. Bwalo likafungwa, viti vikageuzwa miguu juu kwenye meza. Umeme wa ghorofa za juu ukazimwa. Aliyebaki jikoni ni mpishi mkuu tu, ambaye wanafunzi walimbandika jina la Mzee Ukoko kwa sababu wali wake haukukosa kushika chini ya sufuria. Yeye aliwapikia walinzi na wafanyakazi wachache, na kila mchana alimletea Mama Bweni chakula ndani ya bakuli lenye mfuniko.

Shule nayo ilikuwa imefungwa. Mama alishinda ofisini akihesabu magodoro na kusimamia mafundi wa rangi. Chiriku alizunguka kwenye korido tupu, akisikiliza kandambili zake zikipiga sakafu.

Siku moja alisikia maji yakitiririka ghorofa ya tatu. Alidhani kuna bomba lililosahauliwa wazi, akapanda kwenda kulifunga. Alipousukuma mlango wa bafu, alimkuta msichana amechutama mbele ya beseni, anafua. Wote wawili walishtuka. Msichana alikuwa mmoja wa wanafunzi wa mwaka wa pili, yule mrefu mwenye miwani minene, ambaye Chiriku alizoea kumwita Dada Miwani.

"Dada, si uliondoka na sanduku lako? Nilikuona mimi."

"Niliondoka," Dada Miwani alisema kwa sauti ya chini. "Halafu nikarudi kwa mlango wa nyuma. Ufunguo wa chumba niliuchongesha mwingine."

"Kwa nini hukwenda kwenu?"

Msichana alivua miwani akaifuta kwa pindo la gauni. "Aliyenilea ni bibi yangu, na bibi amefariki muhula huu. Nyumba ameichukua mjomba na familia yake, mimi pale sina hata pa kutandika mkeka. Marafiki zangu wote walikuwa wanazungumza habari za kwenda nyumbani, na mimi nikasema nakwenda." Alivaa tena miwani yake. "Usimwambie mama yako. Nitafukuzwa bwenini, na nikifukuzwa hapa sina pa kwenda tena. Niahidi."

Chiriku aliahidi.

Tangu siku hiyo likizo ilibadilika. Kila mchana mama aliporudi ofisini, Chiriku alipanda na sahani ya wali iliyofunikwa kwa kitambaa. Dada Miwani alichora mistari kwenye kadibodi, wakacheza bao la dama kwa vizibo vya soda. Alimfundisha hesabu za sehemu mpaka zikaeleweka, na Chiriku akamsimulia habari za shule, za baba, za mwalimu anayepiga chafya kila akishika chaki. Alijisikia kama mtu aliyefunguliwa mdomo.

Tatizo lilikuwa chakula. Ili kipatikane cha kupeleka juu, ilimbidi aseme uongo.

"Mama, niongezee. Bado nina njaa."

"Umeanza kula, mwanangu," mama alisema, uso umemng'aa. Jioni akampigia baba simu. "Mtoto wako siku hizi anamaliza sahani mbili. Nilikuwa na wasiwasi naye, lakini sasa amechangamka." Chiriku alisikia kila neno akiwa kitandani, akajigeuza upande wa ukuta.

Kisha zikaja siku za mvua na baridi. Chumba cha ghorofa ya tatu hakikuwa na umeme, kwa hiyo Dada Miwani alitafuta jiko dogo la mkaa, akalitumia kuchemshia chai na kupashia chumba joto. Ili harufu isifike chini, alifunga dirisha na kuziba upenyo wa mlango kwa blanketi.

"Kichwa kinanigonga tangu asubuhi," alimwambia Chiriku siku moja. "Labda ni malaria."

Chiriku naye, baada ya kukaa kidogo, alihisi kichwa kizito na tumbo likimchafuka. Aliposhuka na kutoka nje kwenye hewa, akapata nafuu. Jambo hilo lilimshangaza.

"Dada, tumwambie mama akupeleke zahanati."

"Ukimwambia, ndiyo mwisho wangu hapa. Na urafiki wetu ndiyo mwisho wake."

Maneno hayo yalimfunga mdomo.

Mchana uliofuata alipanda na sahani yake, akagonga. Hakujibiwa. Akagonga tena, akaita. Ndani alisikia mguno tu, kama wa mtu anayeota ndoto mbaya, kisha kimya. Alisimama pale na sahani mkononi. Aliwaza jinsi mama atakavyomtazama akijua uongo wake wote. Aliwaza korido tupu, bila mtu wa kwenda kumwona. Halafu akaiweka sahani sakafuni na kuteremka ngazi mbio.

"Mama, njoo na funguo," alisema mlangoni mwa ofisi, anahema. "Kuna mtu juu. Anaumwa, hafungui mlango."

Mama Bweni hakuuliza nani wala kwa nini. Alichukua fungu la funguo, akamwita Mzee Ukoko aliyekuwa anapita uani, wakapanda. Mlango ulipofunguliwa walikuta jiko bado lina makaa mekundu, na Dada Miwani amelala sakafuni karibu na kitanda.

"Chiriku, usiingie. Fungua madirisha yote ya korido," mama alisema. Alijifunika pua kwa mtandio, akaingia, akafungua dirisha, na pamoja na mpishi wakambeba msichana hadi nje barazani, kwenye hewa. Alikuwa anapumua, lakini macho yake hayakumtambua mtu.

Kwenye zahanati ya chuo daktari alimwekea hewa ya mtungi. Baadaye alitoka na kuzungumza nao.

"Mmewahi. Mkaa ukiwaka kwenye chumba kilichofungwa unatoa hewa ya sumu. Huioni wala huinusi. Mtu anaumwa kichwa, anahisi kichefuchefu, anadhani ni homa, basi anajilaza. Akipitiwa na usingizi humo ndani, haamki."

Mama na mtoto walikaa kwenye benchi la nje. Chiriku alieleza yote, tangu bafuni hadi sahani za wali. Mama alisikiliza bila kumkatiza.

"Kwa hiyo ile njaa haikuwa yako," alisema mwishoni.

"Hapana, mama. Nisamehe."

"Mimi nimemwambia baba yako umechangamka."

"Nilichangamka kweli. Nilikuwa na mtu wa kuongea naye."

Mama alimsogelea kwenye benchi. "Mlango wa chumba ukilia kule bwenini, nausikia," alisema. "Wewe uko chumba cha pili, sikukusikia. Hilo ni langu, na mimi nisamehe. Lakini uongo wako ni wako. Baba yako utampigia simu mwenyewe umwambie."

Alipiga, na haikuwa simu rahisi.

Dada Miwani alipopata fahamu vizuri, aligeuza uso ukutani Chiriku alipoingia. Chiriku alirudi nyumbani akaona vyumba vile viwili ni vikubwa kuliko bweni zima. Alijua alifanya jambo sahihi, ila kujua huko hakukumpunguzia upweke.

Siku ya pili alikwenda tena, akakaa kwenye kiti kando ya kitanda.

"Ni kweli ulikimbia?" Dada Miwani aliuliza, bado anatazama ukuta.

"Mpaka kandambili moja ikabaki kwenye ngazi."

Msichana aligeuka taratibu. "Daktari ameniambia ungechelewa kidogo tu nisingekuwepo. Jana nilikukasirikia kwa sababu niliona aibu. Asante, mdogo wangu."

Mama Bweni naye aliingia, akaketi ukingoni mwa kitanda. "Umevunja sheria, na barua ya onyo utapewa. Hilo siwezi kulifuta. Lakini chuo kina vyumba vya wanafunzi wasio na pa kwenda wakati wa likizo. Ungegonga mlango wangu tu."

"Niliona nitachekwa, mama."

"Na nani? Na mimi?"

Juma hilo hilo Mama Bweni alibandika tangazo getini: asiye na pa kwenda likizo hii, aje aonane naye. Alitarajia hatakuja mtu. Walikuja wasichana wawili waliokuwa wamejibana kwa jamaa asiyewataka, na kijana mmoja wa bweni la wavulana aliyekuwa anaishi kwa mkate mkavu. Ruhusa ikapatikana, meza moja ya bwalo ikashushiwa viti. Mzee Ukoko alinung'unika kwamba likizo yake imeibiwa, huku akiongeza maji kwenye sufuria.

Siku ya kwanza wote walikula wameinamisha vichwa, kila mmoja anamwonea haya mwenzake. Mama Bweni aliwatazama, kisha akaweka kijiko chini.

"Nawaambia ninyi, na namwambia huyu mtoto wangu," alisema. "Mtu akikuomba umfichie jambo, jiulize kwanza: likiendelea kufichwa, nani ataumia? Ukiona kuna atakayeumia, mtafute mtu mzima umwambie, hata kama uliahidi, hata kama rafiki atakununia. Na wewe mwenye shida, sema. Hakuna anayeweza kukufungulia mlango kama hajui uko nje."

Dada Miwani alisogeza kiti chake kidogo kuacha nafasi, na yule kijana, aliyekuwa amekaa peke yake mwisho wa meza, akachukua sahani yake akaja kukaa karibu nao.